Siku moja maishani mwangu: betri za jahazi, Lamu

Saa 11:30 alfajiri. Nimetoka kuswali, na kabla ya chai napita karakanani Langoni kumwangalia mgonjwa. Ni betri ya volti 12, ampea-saa 200, iliyokaa kwenye chaja tangu juzi. Niliichomoa jana baada ya isha ili itulie. Napima: 12.7. Alhamdulillahi, imerudi. Nilipoipokea ilisoma 11.6.

Saa 1:00. Betri hii inapita kilo 50, na vichochoro vyetu havipiti gari. Tunaitia kwenye shogi la punda, upande wa pili tunapakia jiwe na kisanduku cha spana ili mzigo ukae sawa, na kijana wangu wa kazi anaongoza hadi gatini. Mahamri na mbaazi tunakula tukiwa ndani ya boti ya kwenda Shela.

Saa 2:00. Maji yanapwa, jahazi limeanza kukaa mchangani. Nahodha ananipokea na swali lake la juzi.

“Fundi, nambie kweli, betri ndiyo mbovu?”

“La, ami. Betri haina kosa. Imeonewa.”

Jahazi lake lina betri mbili zilizoungwa mfululizo, zitoe volti 24 za friji na inveta, nazo huchajiwa na sola. Mbele iko betri nyingine ya volti 12, ya kuwashia injini, taa na redio. Hilo ni jahazi la tanga, injini huwashwa kidogo, kwa hiyo betri ya mbele haikuwa ikijaa. Fundi aliyetangulia akavuta waya katikati ya zile mbili, akachota volti 12 za moja tu kulisha betri ya mbele. Kwa siku mbili tatu kila kitu kiliwaka, na hapo ndipo watu hudanganyika.

Juzi, jua likiwa kali, nilipima kila betri peke yake. Moja ilisoma 15.4, ya pili 13.0. Jumla 28.4. Kontrola ya sola, kile kifaa kinachoongoza chaji, huiona ile jumla tu, nayo ilikuwa safi! Kumbe mmoja alikuwa akichemka na mwenzake, huyu niliyempeleka karakanani, akilala njaa kila siku. Nilipofungua vifuniko vya ile iliyochemka, maji yalikuwa yameshuka hadi sahani zake za ndani zimetokeza, kingo zake zimekauka kama mwamba maji yakipwa. Iliniuma. Betri mbili za bei ile, na kosa ni la waya mmoja.

Saa 4:00. Naukata waya wa katikati. Natia maji ya betri, nasugua terminali zilizoota kijani kwa sababu ya chumvi ya bahari, napaka vaselini.

Kijana wangu anauliza kwa nini tusilishe betri ya mbele kwa inveta iliyopo, tukaichomeka chaja ya kawaida. Ingefanya kazi, lakini umeme ungepandishwa hadi 240 kisha ushushwe tena, na kiasi cha robo kingepotea kuwa joto. Je, kuunga 24 kwa 12 moja kwa moja? Hilo nalikataza kabisa. Umeme utamiminika bila kizuizi, waya uyeyuke, betri itoe gesi ambayo cheche moja yatosha kuilipua.

Tunafunga chaja ya kushusha volti: inapokea 24, inatoa 14.4 kwa ampea 20, kisha inapunguza yenyewe betri ikikaribia kujaa. Hizo ni wati 288. Ukihesabu na kinachopotea, upande wa 24 utatoa ampea 13 hivi. Kwa hiyo chaja naiweka karibu na betri ya mbele, ule waya mrefu ubebe volti 24, na kipande kifupi kinene kibebe zile ampea nyingi. Fyuzi ni mbili, kila moja kando ya betri yake, maana waya huu una betri kila mwisho. Naiseti ianze kazi volti za zile betri mbili zikifika 26.5 na isimame zikishuka 25.6, ili ichote wakati sola inaleta, isinyonye akiba ya usiku.

Saa 7:30. Baada ya adhuhuri napima tena: 14.2 na 14.1. Nampa nahodha mita aone kwa macho yake. Anazirudia namba zile kwa sauti, mara mbili.

Saa 10:00. Maji yamejaa, jahazi laelea, wageni wa machweo wanapanda. Kabla ya kushuka naandika kwa kalamu nene juu ya sanduku la betri: USICHOTE KATIKATI.

Saa 1:15 usiku. Simu.

“Fundi, ile taa ya kijani ya chaja imezimika!”

“Jua limetua, ami. Imejizima yenyewe. Redio je?”

“Yasema.”

“Friji?”

“Yavuma.”