Sasa Ulikuwa Ukikohoa Nini?

Baada ya miaka miwili ya kukohoa, nilipata muda usiotimia saa mbili bila kikohozi, nami bado nauhesabu. Jumatatu daktari wa masikio, pua na koo alinilaza chali, akapapasa upande wa kushoto wa shingo mpaka akaipata nafasi iliyo kati ya kimfupa cha chini ya ulimi na gegedu la kongomeo, yaani kisanduku cha sauti, akachoma lidokaini, dawa ya ganzi, pale ambapo neva ya juu ya kongomeo, tawi la vagasi, ile neva ndefu itokayo kwenye ubongo, hupenya kuingia kooni. Nilikohoa mara mbili. Nikameza mate, yakashuka kama ya mtu mwingine, na baada ya hapo nikamsikia muuguzi akifunga droo chumba cha pili.

Mnakumbuka tulikopita tukitafuta chanzo cha kikohozi hiki: picha ya kifua, makohozi, kipimo cha pumu, dawa za kiungulia, dawa ya presha iliyobadilishwa. Sindano hii ilikuja kuihoji neva. Ikifa ganzi na kikohozi kikanyamaza, basi huenda yenyewe ndiyo inayopiga kelele bila sababu. Kikohozi kikiendelea, tutafute kwingine. Nilikatazwa kula na kunywa mpaka ganzi iishe, maana koo lisilohisi hupaliwa kimyakimya.

Nikampigia Shangazi, Tanga. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Alhamdulillahi, mwanangu. Sindano moja tu? Sasa miaka miwili hiyo ulikuwa ukikohoa nini?"

Wiki hii Sele wa hapa nyumbani amehitimu na kazini wametangaza kupunguza watu, lakini mimi kila nikiosha vyombo nabishana na Shangazi. Neva, Shangazi. Nilikuwa nakohoa neva. Nikilisema kwa sauti, nacheka mwenyewe.

Kisha nakumbuka jambo ambalo sikuwahi kuliandika hapa kwa aibu: nikisafisha sikio la kushoto, hukohoa. Nilipomnong'onezea daktari, hakushangaa hata kidogo. Alisema vagasi hutuma tawi mpaka kwenye tundu la sikio. Miaka yote hiyo nikidhani ni kioja changu peke yangu! Kwa hiyo kikohozi kiliporudi kama nilivyoonywa, sikukasirika. Nililala nikikisikiliza kama mtu anayemsikiliza jirani ambaye hatimaye amemjua jina, na nilitamani kumpigia Shangazi nimweleze habari za sikio, ila naogopa swali litakalofuata.

Joho la mahafali la Sele linatakiwa kurudishwa Ijumaa, na kofia yake hatuioni.