Siku moja gereji na sensa za dizeli, Tabora

Saa 1 asubuhi. Gereji yetu iko Ipuli. Naanza na pikapu ya mzee mmoja wa Sikonge iliyolala hapa. Kabla ya kupiga stata nachomeka mashine ya kusoma kompyuta ya injini, nione joto la maji ya rejeta na la hewa inayoingia. Injini iliyopoa usiku kucha inatakiwa isome karibu sawa kote. Hewa inasema nyuzi 22, maji yanasema -40.

Sensa ya joto la maji, kile kipimo kidogo kinachoiambia kompyuta joto lilivyo, hupunguza ukinzani wa umeme kadiri joto linavyopanda. Waya ukikatika, kompyuta huona baridi kali na inaweza kuongeza mafuta kupita kiasi. Mzee amekuwa akilalamikia moshi mweusi.

"Shikamoo mzee. Sensa umeshanunua?"

"Marahaba. Ninayo hapa. Niliambiwa ya zamani imekufa."

Naipima ile ya zamani kwa mita ya umeme: ukinzani karibu kilo-omu 2 ikiwa baridi, nzima kabisa. Waya umetafunwa na panya jirani na soketi. Tunauunga kwa risasi na kuuvisha mpira, mzee anairudisha sensa yake dukani. Jambo hili linaniuma kila linapotokea. Kodi ya hitilafu ya sensa, ile namba inayotokea kwenye mashine, inakutajia njia ya umeme yenye shida, haijasema sensa ndiyo mbovu. Mita inagharimu dakika chache tu, lakini watu wanauziwa sensa bila kupimiwa.

Saa 4. Lori lililotoka Urambo na mahindi. Likiwa tupu linakwenda vizuri, likibeba mzigo linakata nguvu. Kodi ni P0087, yaani presha ya mafuta kwenye reli, lile bomba linalogawa dizeli kwa nozeli, iko chini. Dereva ameshashauriwa abadili sensa ya presha.

Sensa hiyo inalishwa volti 5, nayo hurudisha volti zinazopanda kadiri presha inavyopanda. Naweka mistari miwili kwenye skrini, presha inayotakiwa na presha iliyopo. Kwenye silensa, injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, zote ziko karibu na bar 300, zinakwenda pamoja. Kijana anakanyaga mafuta: kompyuta inaomba 1,200, reli inafika 700 na kugoma. Sensa inasema kweli. Kompyuta imepunguza nguvu makusudi ili kuilinda injini.

Tunafungua filta. Maji na tope jeusi, mafuta ya madumu hayo. Tunaweka mpya, tunatoa hewa, na mistari inapanda bega kwa bega hadi 1,200.

Vijana nawakataza kabisa kulegeza bomba la reli injini ikiwa inaunguruma. Dizeli ya presha ile hupenya ngozi, na mtu anaweza kupoteza mkono.

Saa 7, ugali na maharage.

Saa 8. Gari dogo la abiria linazima likipata moto, likipoa linawaka. Napiga stata huku natazama skrini: injini inazunguka lakini mizunguko inasoma sifuri. Hapo macho yote kwa sensa ya kranki. Inahesabu meno ya gurudumu lililofungwa kwenye kranki, mhimili unaozungushwa na pistoni. Magurudumu mengi ya aina hiyo yana nafasi ya meno 60 na 2 yameachwa wazi, na kwenye hilo pengo kompyuta inajua pistoni iko wapi. Bila ishara hiyo haijui imwage mafuta lini, basi nozeli hazifunguki. Nyaya nzima, soketi safi. Koili ya sensa ikiwa ya moto haipitishi kitu, ikipoa inapitisha. Hii kweli imekufa, namwambia mwenye gari akanunue.

Saa 11 jioni. Tunalijaribu lori barabara ya Urambo likiwa na mzigo wake, mashine imechomekwa. Presha inafuata, nguvu ipo. Namwonyesha dereva kifungulio kilicho chini ya filta.

"Kaka, taa ya maji kwenye mafuta ikiwaka, simama ufungue hapa mpaka itoke dizeli safi. Usisubiri ufike Tabora."

Analegeza mwenyewe mbele yangu, anakaza, kisha anaomba nimwandikie namba ya filta.