Hatimaye grafu ya zena imekaa sawa

Jamani, leo nimefurahi mno.

Nimeshinda kwenye LTspice, programu ya kuigiza saketi kwenye kompyuta, na saketi ya kudhibiti volti. Ndani yake kuna zena ya 1N4733A, ile ya volti 5.1 (zena ni dayodi inayopitisha mkondo kinyume ikifikishwa volti yake).

Kwa asiyejua: ndani ya SPICE, mfumo ambao LTspice imejengwa juu yake, dayodi usiyoiandikia BV (volti ya kuvunjika) haivunjiki kamwe, yaani haifunguki kupitisha mkondo kinyume, hata uipe volti elfu za kinyume. BV na IBV (mkondo kwenye volti hiyo) ndizo zinazoifanya iwe zena.

Datashiti inasema hizo volti 5.1 hupimwa mkondo ukiwa miliampea 49, na ukinzani hapo hauzidi omu 7. Wengi huzitia hizo omu kwenye RS, ukinzani wa mfululizo wa dayodi, na kuendelea na safari. Shida ni kwamba RS hufanya kazi pande zote mbili, kwa hiyo upande wa mbele nao unaharibika: kwenye miliampea 100 unaongezewa karibu volti 0.7 ambazo dayodi halisi haina.

Basi nikaigawa matawi mawili. Moja la mbele, dayodi tupu. Jingine la kinyume, lenye dayodi, chanzo cha volti na rezista yake.

Nikaendesha.

Ile kona ya chini! Mstari ulipinda, halafu ukashuka karibu wima, umelala kidogo tu kwa sababu ya ile rezista, wakati upande wa mbele umetulia palepale karibu na volti 0.7. Nimeukuza na kuutazama mpaka chai ikapoa.

Sasa nataka kuingiza joto. Wenzangu, nyinyi mnatumia TBV1 (namba inayobadilisha BV kulingana na joto) au mnaandika mlinganyo wenu? Niambieni hapo chini, na grafu zenu tuzione.