Muktanand na Kijana wa Miaka Ishirini

Kwa muda mrefu neno "guru" lilikuwa kwangu jina la sukari tu, ile sukari guru ya vipande ambayo nyanya yangu alikuwa akiitia katika uji. Nilijifunza maana yake nyingine katika duka la vipuri vya magari, Ngara, nilikoanzia kazi ya ukarani wa stoo. Tajiri wangu wa wakati huo, mzee wa asili ya Kutch, India, aliyezaliwa hapa hapa Nairobi, alikuwa akifika asubuhi na, kabla ya kugusa kufuli ya sefu, akisimama kimya mbele ya picha iliyotundikwa juu ya meza yake. Siku moja nilimwuliza kama huyo ni babu yake. Alicheka sana, kisha akaniambia kwamba ni guru, yaani mwalimu wa kiroho, na kwamba babu humpati kwa kumchagua.

Niliondoka katika duka lile zamani, lakini mwaka huu nilimrudia mzee nikiwa na uchungu. Katika kampuni ninakofanya kazi sasa, kijana niliyemfundisha mwenyewe kujaza kadi za stoo na kuhesabu mali mwisho wa mwezi alikuwa amepandishwa cheo kuwa meneja wangu, nami nikiwa na miaka kumi na minne kazini. Nilikuwa nimeandika barua ya malalamiko yenye kurasa tatu, na nilitaka mzee aisome kabla sijaipeleka. Aliikunja bila kuisoma, akaanza kunisimulia habari za Muktanand.

Mnamo mwaka 1799, katika kijiji cha Loj, Gujarat, magharibi mwa India, palikuwa na makao ya watawa waliomfuata guru aitwaye Ramanand Swami. Guru mwenyewe alikuwa safarini Bhuj, na aliyeongoza makao hayo ni mwanafunzi wake mkubwa, Muktanand, mtu mzima aliyezaliwa mwaka 1758, msomi, mshairi na mwanamuziki, ambaye kila mtu alimwona kuwa ndiye atakayerithi kiti. Hapo akatokea kijana wa miaka kumi na minane, mwembamba, aliyeitwa Nilkanth. Alikuwa ametoroka kwao Chhapaiya, kaskazini mwa India, akiwa na umri wa miaka kumi na mmoja, na kwa miaka saba alikuwa ametembea kwa miguu kutoka milima ya Himalaya hadi ncha ya kusini, akiwauliza walimu kila alikopita maswali ambayo hawakumridhisha kwa majibu yake. Majibu ya Muktanand yalimridhisha, akakaa.

Kukaa kwenyewe, hata hivyo, hakukuwa kwa mgeni anayejua nafasi yake. Waumini husimulia kwamba ukuta wa makao ulikuwa na tundu ambalo watawa na jirani walilitumia kupeana makaa ya moto, na Nilkanth aliliziba, akisema kwamba tundu lile limetobolewa katika maadili yao wala si katika ukuta. Alitaka pia wanaume na wanawake wakae mbalimbali wakati wa mafundisho. Mkubwa mwingine angemfukuza. Muktanand alimkubalia, kisha akamwandikia guru barua kumweleza habari za kijana huyo, na Nilkanth akaandika yake. Jibu lililokuja kutoka Bhuj lilimtaka Nilkanth, ikiwa anataka kubaki, aikumbatie nguzo. Wenzake walielewa kwamba nguzo ni Muktanand, naye bila shaka alielewa hivyo pia, lakini inasemekana kwamba aliposomewa barua aliinuka, akaenda kwenye nguzo ya nyumba, akaikumbatia kwa mikono miwili.

Ramanand alimpokea rasmi kuwa mtawa mwaka 1800 na kumpa jina la Sahajanand, na mwaka uliofuata, katika mji wa Jetpur, akamkabidhi uongozi wa jumuiya yote. Kijana alikuwa na miaka ishirini. Siku hiyo aliomba mambo mawili: kwamba ikiwa mfuasi wake ameandikiwa maumivu ya kuumwa na nge mmoja, maumivu hayo yamfike yeye kwa mamilioni katika kila kinyweleo, na kwamba ikiwa mfuasi ameandikiwa kushika bakuli la ombaomba, bakuli hilo lije kwake. Sisi tunasema mkubwa ni jalala, na kwa kawaida tunasema hivyo tukiwa tunalalamika. Huyu aliuomba ujalala wenyewe. Ndiye ambaye baadaye ulimwengu ulimjua kwa jina la Swaminarayan.

Nilimkatiza mzee hapo, nikamwambia kwamba sijali habari za aliyepandishwa, ninataka habari za aliyerukwa. Akasema ndiko anakoelekea. Ramanand alifariki muda mfupi baadaye, na Muktanand, ambaye alikuwa ameinama mbele ya kijana huyo kwa amri ya guru, alianza kusikia kwamba watu wanaomtazama tu Sahajanand wanazama katika samadhi, hali ya utulivu mkuu ambayo watawa huitafuta kwa miaka mingi. Hakuamini. Alifunga safari hadi kijiji cha Kalvani kumkabili, kwa kuwa aliona hayo ni mazingaombwe yatakayolivunjia heshima jina la mwalimu wao. Kulingana na mapokeo ya waumini, huko Ramanand alimtokea na kumkumbusha maneno aliyozoea kuyasema alipokuwa hai: kwamba yeye ni mpiga ngoma tu wa kuwaita watu, na mchezaji mwenyewe yuko njiani. Muktanand akarudi, na mwaka 1802 akatunga utenzi wa kumsifu yule kijana, "Jay Sadguru Swami".

Shaka hii ndiyo iliyonigusa kuliko unyenyekevu. Hata Ramakrishna wa Bengal, miaka themanini baadaye, hakukasirika pale mwanafunzi wake Narendranath, ambaye sasa tunamwita Vivekananda, alipoficha sarafu chini ya godoro lake ili kuhakikisha kama kweli mwili wa guru unaikimbia fedha. Alitaka wanafunzi wampime kama wavunja fedha wanavyopima sarafu. Nadhani mwanafunzi asiyepima huwa ni mshangiliaji tu.

Jioni hiyo mzee alinichukua hekaluni. Tuliacha viatu mlangoni, tukakaa sakafuni upande wa wanaume, wanawake wakiwa upande wao kama ilivyoamriwa Loj. Kengele ililia, ngoma zikaanza, na mtumishi wa hekalu akaizungusha taa yenye tambi za samli mbele ya sanamu huku watu wote wakiimba bila kutazama kitabu. Ni utenzi uleule wa Muktanand. Aliishi karibu miaka thelathini chini ya mtu aliyekuwa amempokea kama mwanafunzi, naye Sahajanand aliendelea kumheshimu kama mwalimu, na wote wawili walifariki mwaka huohuo wa 1830. Taa ilipotufikia, mzee alipitisha viganja vyake juu ya mwali, akajipangusa usoni, akanisogezea.

Tulipokuwa tukivaa viatu alinirudishia barua yangu, bado imekunjwa.

"Mwenzako alitunga wimbo, bwana," akasema. "Wewe umetunga kurasa tatu."

Nilimwambia kwamba Muktanand hakuwa na kodi ya nyumba ya kulipa. Akakubali kwamba hilo ni kweli. Barua iko katika droo yangu ya kazini, chini ya kadi za stoo, na meneja huyapitia mafaili hayo kila Ijumaa.