Mikindani na Kurudi

Leo asubuhi nimekimbia kutoka Mtwara mjini hadi Mikindani na kurudi, takriban kilomita 20, kuchangia matibabu ya watoto wenye saratani.

Wengi wao hupelekwa Muhimbili, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kutoka hapa, na mzazi huacha mikorosho yake kwa miezi kadhaa. Hilo, kwangu mimi, ni zito mno.

Nilipokuwa karibu kuishiwa nguvu, nilimkuta mama kando ya barabara amempakata mwanawe aliyenyonyoka nywele kwa sababu ya dawa.

Mtoto yule alininyooshea kikombe kwa mikono miwili.

Maji yalijaa hadi ukingoni, wala hakumwaga hata tone.

Ndugu zangu, nani amewahi kuuguza mtoto mbali na nyumbani? Naomba mtusimulie.