Nilivyojifungulia ukurasa kwenye daftari la vipimo

Kazi yangu ni cherehani, hapa Ngamiani, Tanga, mwaka wa kumi na sita huu. Najua viuno vya wanawake wa mtaa mzima kuliko wanavyovijua wenyewe. Shoga akiniletea gauni la Idi iliyopita akidai limeruka kwenye maji, nampitishia futi, naandika namba, nanyamaza. Kiuno changu ndicho nilikuwa sikipimi. Nilikuwa mtu wa madira, na dira halimsemi mtu.

Kilichonisema ni tone la damu. Nilimsindikiza mama mkwe kliniki yake ya presha, alfajiri, sijatia kitu kinywani, muuguzi akaniambia na wewe dada kaa hapo tukupime. Sukari 6.4. Akanieleza kwamba kwa mtu aliyeamka na njaa kisukari huhesabiwa kuanzia 7.0, tena kipimo kikirudiwa. Mimi nilikuwa nimesimama kizingitini. Mizani ikasoma kilo 94. Nina miaka 41.

Nikaamua kuacha wanga. Peke yangu, bila kumwambia mtu, maana niliona aibu kutangaza jambo ambalo huenda likanishinda. Na likanishinda kweli. Asubuhi nilikuwa nakunywa supu ya kongoro bila chapati, mchana samaki na matembele, usiku hivyo hivyo. Siku ya nne kichwa kiligonga kama mtu anatwanga ndani. Siku ya kumi na moja mama mkwe akasonga bada na mchuzi wa papa wa nazi. Asiyekula bada la mihogo nyumbani kwetu ama anaumwa ama amenuna.

"Mwanangu, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea mama."

Nikala. Kesho yake nikala tena kwa kuwa jana nilikula, na hesabu ikaishia hapo.

Mteja mmoja ndiye aliyenitia kwenye programu. Siku 30, shilingi 45,000 unatuma kwa simu, unaingizwa kwenye grupu la WhatsApp, unapewa orodha ya vyakula na ratiba. Kila mlo unapigwa picha na kutumwa kabla hujautia mkono. Usipotuma picha ya asubuhi hadi saa mbili, jina lako linaanikwa na faini juu yake, shilingi 2,000.

Orodha ile sijui iliandikiwa jiko la nani. Mafuta ya zeituni, jibini, unga wa lozi, brokoli, koliflawa ya kusaga iwe kama wali. Koliflawa sisi tunaipata, inashuka na mboga nyingine kutoka Lushoto, lakini unga wa lozi Tanga hii? Chupa ndogo ya zeituni bei yake ingeninunulia nazi za wiki mbili. Na nazi yenyewe, chakula cha mafuta kilichojaa pwani nzima, haikuwemo. Nilipouliza nikajibiwa nifuate orodha. Basi nikawa nafuata kwa picha: naweka kijani hiki na kile, naipiga, natuma, kisha namwagia tui langu.

Lakini nisiwe mwongo. Nilipungua. Wiki ya kwanza pekee kilo tatu na kitu, na grupu likapiga vigelegele kwa alama za mikono. Wifi yangu ni muuguzi, yeye ndiye aliyenishusha: sehemu kubwa ya hizo ni maji. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hulala na maji karibu gramu tatu. Ukiacha kula wanga akiba inatumika, maji yanakwenda chooni, na chumvi nayo inatoka. Ndiyo sababu ya kile kichwa cha siku ya nne, ambacho kwenye programu kilinirudia. Grupu lilikuwa linatuambia sumu inatoka mwilini, tuvumilie. Wifi akaniambia sumu gani, kunywa mchuzi wenye chumvi kidogo, huna presha wewe. Mama angekuwa na habari nyingine. Nikanywa, jioni kichwa kikawa chepesi. (Choo kigumu kilinisumbua zaidi ya kichwa, ila hicho hakuna aliyekipiga picha. Bamia na mchicha mwingi ndivyo vilivyonisaidia.)

Jambo lililonifanya nilitazame grupu kwa jicho jingine ni mama mmoja aliyeandika kwamba anatumia glibenclamide, vidonge vya kisukari, na tangu aanze programu anatetemeka na kutokwa jasho. Akajibiwa aache vidonge, chakula ndiyo dawa. Nilimsomea wifi simu, akaacha alichokuwa anafanya. Dawa ile hukamua kongosho itoe insulini, umekula au hujala. Ukiondoa wanga na dawa ikabaki palepale, sukari inaporomoka, mtu anaweza kuzimia njiani. Lakini wa kupunguza dawa ni daktari aliyeiandika, kwa kupima, si mtu wa kwenye simu asiyejua hata figo zako zikoje. Nilimtumia yule mama ujumbe pembeni nikamsihi aende kliniki siku hiyo hiyo. Akajibu ameenda. Kilichoendelea sikukijua, maana siku zangu 30 ziliisha.

Nilitoka na kilo 88. Kuendelea ni 45,000 nyingine. Nikaona, ya nini? Mambo yote nimeshayajua.

Hapo ndipo nilipojidanganya. Miezi miwili tu nikawa 92. Nilichokuwa nimekijua nilikuwa bado nakijua, hakuna kilichonitoka kichwani. Ila asubuhi hapakuwa na mtu anayengoja picha ya sahani yangu. Chai ya maziwa ikarudi kwanza, na vijiko vyake vitatu vya sukari, kisha chapati moja ya kuisindikiza, kisha msimu wa machungwa ya Muheza ukaingia na mimi nikajiambia juisi ni tunda. Glasi moja naikamulia machungwa manne. Hivi nani anakula machungwa manne kwa dakika mbili?

Wifi alinisimulia utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, uliotoka 2018. Watu 609, mwaka mzima, kundi moja likipunguza mafuta, jingine likipunguza wanga. Kwa wastani wa kwanza walipungua kilo kama tano, wa pili kama sita, tofauti isiyo na uzito. Ndani ya kila kundi walikuwamo waliopungua hadi kilo 30 na walioongezeka. Yeye alitaka kunionyesha kwamba wanga si shetani. Mimi nilishika kitu kingine alichokitaja kwa kupita: makundi yote mawili yaliitwa darasani, vikao 22 kwa mwaka, na walimu wa lishe. Kumbe hata huko hakuna aliyeachwa peke yake na sahani yake.

Nikawaza kazi yangu. Fundi hajipimi. Ukijaribu, futi inalegea mgongoni, unavuta pumzi bila kujua, unaandika namba unayoitaka. Gauni langu la harusi ya mdogo wangu nilijipima mwenyewe, na zipu ikagoma saa moja kabla ya kutoka.

Basi nikachukua daftari la vipimo la wateja, nikajifungulia ukurasa. Nikaandika jina langu juu kama mteja: bega, kifua, kiuno, nyonga, tarehe. Nikamwomba fundi mwenzangu wa kibanda cha pili anipime kila Jumatatu kabla hatujafungua. Siku ya kwanza kiuno kilisoma inchi 41. Malipo yake ni mayai mawili ya kuchemsha na kachumbari kutoka kwa kijana anayepita na sinia, ambayo mwenyewe nanunua kila siku badala ya maandazi. Hana huruma yule. "Toa pumzi shoga, usinibanie tumbo hapa," na anaandika mwenyewe, kalamu hanipi.

Na mama mkwe nikamwambia ukweli, jambo nililopaswa kulifanya mwanzo kabisa. Nilidhani atanicheka. Akasema, "Sasa ungesema. Mimi nilidhani unanichukia bada langu." Siku hizi mchuzi ni mmoja kwa nyumba nzima: vibua au changu kutoka soko la samaki la Deep Sea, dagaa wakati pesa imekaza, tui, bamia, nyanya chungu, kisamvu. Wao wanakula na ugali au wali, mimi namwaga kwenye bakuli la kabichi iliyokatwa nyembamba na kugeuzwageuzwa kwenye sufuria mpaka ilegee. Hakuna anayepika mara mbili. Bada nalila Ijumaa mchana, tonge za kuhesabika, mbele ya mama, na sijioni nimevunja kitu. Kwenye programu hilo lingekuwa faini. Mimi nimeliweka kwenye ratiba.

Sukari kwenye chai ndiyo iliyonitesa kuliko ugali. Nilishusha nusu kijiko kila wiki mbili, na iliyobaki nikaiziba kwa tangawizi na mdalasini. Wiki za msiba na za harusi namba haishuki, mara nyingine inapanda nusu inchi. Mwenzangu anaiandika vilevile.

Imechukua mwaka na miezi mitatu kutoka 92 hadi 83. Programu ilinitoa kilo sita kwa mwezi mmoja, kwa hiyo anayetaka mbio ataniona kobe. Sukari nimepima mara tatu katika kipindi hicho. Ya mwisho 5.5. Nisingewakataza watu programu, hasa yenye mtaalamu wa lishe halisi anayeuliza dawa zako kabla ya kuuliza namba yako ya muamala. Ningewaambia tu waangalie wanalipia nini. Mimi orodha niliitupa. Nilichokuwa nimenunua kwa 45,000 ni mtu wa kuniangalia, na huyo nilikuwa naye kibanda cha pili, kwa mayai mawili.

Juzi mteja alikuwa anapekua daftari akitafuta vipimo vyake, akakuta ukurasa wangu, mistari zaidi ya sitini ya mtu mmoja.

"Fundi, huyu umemshonea nguo ngapi?"

"Moja. Bado hajaichukua."

Inaning'inia nyuma ya mlango, kitenge cha buluu. Nimeikata kwa kiuno cha inchi 36, nami Jumatatu nilisoma 37. Kwenye mishono ya ubavuni nimeacha akiba ya inchi nzima kila upande.