Kisiwa Kilichohama Milimita Sita

Jumapili jioni binti yangu alikuwa anatafuta karatasi ngumu ya kukavia daftari la Sayansi. Kalenda za mwaka jana zilishaishia kwenye vitabu vya kaka yake, kwa hiyo akachokora nyuma ya kabati, akarudi na bomba la kadibodi. Ndani yake mlikuwa na ramani ya Ziwa Baringo, skeli ya 1:50,000, na pembeni kwa penseli, mwandiko wangu: 302.

"Mama, hii mia tatu na mbili ni ya nini?"

Nikamwambia airudishe. Hakuirudisha.

Ilikuwa 2014, nikiwa bado nachora ramani kwenye ile ofisi ya ghorofa ya nne yenye lifti mbovu. Maziwa ya Bonde la Ufa yalikuwa yamepanda kwa miaka kadhaa, na pale Kampi ya Samaki maji yalikuwa yameingia hadi kwenye majengo. Tukaombwa ramani moja tu: ukingo wa zamani na ukingo wa sasa, juu ya karatasi moja.

Ukingo wa sasa ndio niliouogopa, lakini ulinisumbua kidogo kuliko wa zamani. Nilishusha picha ya setilaiti ya Landsat 8 ya Januari, njia ya 169, safu ya 60, ndiyo anwani ya eneo hilo. Nilichagua Januari kwa sababu ni kiangazi na mawingu ni machache. Kivuli cha wingu kompyuta hukihesabu kuwa maji. Mwanzoni nilitumia fomula ya kawaida ya kutambua maji: bendi ya mwanga wa kijani kutoa ya infraredi ya karibu, mwanga usioonekana kwa macho, gawanya kwa jumla yao. Baringo ikanikataa. Maji yake ni ya kahawia, yamejaa udongo, na maji ya udongo hurudisha infraredi ya karibu kama nchi kavu, basi katikati ya ziwa pakatokea mabaka ya "ardhi". Nikaitoa hiyo ya infraredi ya karibu, bendi ya 5, nikaweka ya 6, infraredi ya mawimbi mafupi, ambayo maji huimeza hata yakiwa machafu. Mabaka yakaisha. Ikabaki migunga iliyosimama majini upande wa kusini. Matawi yake yalisomeka kama nchi kavu, nikairekebisha kwa mkono, pikseli kwa pikseli, kila moja mita 30.

 

Ukingo wa zamani niliuona mwepesi. Nilipiga skani karatasi ya ramani ya zamani, nikabofya makutano tisa ya mistari ya gridi, nikaandika koodineti zake. Programu ikauliza mfumo gani. Gridi ni UTM, ule mfumo wa kuigawa dunia kwa kanda na kupima kwa mita, kanda ya 37, kwa hiyo nikachagua ile ya WGS84, msingi unaotumiwa na GPS, kanda ya 37 kaskazini bila kufikiri mara mbili. Kosa la wastani likatoka mita 4. Nilifurahi sana na zile mita 4. Nikachora ukingo, nikaandika ripoti, nikaituma Alhamisi.

Ijumaa nikaenda River Road kuchapisha nakala ya ukutani, kwa skeli ileile ya 1:50,000, kwenye duka moja la chini ya ngazi, linalonuka wino na chipsi za jirani. Karatasi ilikuwa inatoka polepole, ukingo wa zamani kwa rangi nyekundu, wa sasa kwa buluu. Ilipofika katikati ya ziwa fundi akasimamisha mashine.

"Madam, pole. Imepiga mara mbili."

Nikamwambia hapana, hizo ni kingo mbili, ndivyo inavyotakiwa. Akatikisa kichwa. Akaiwashia tochi ya simu, akaweka kidole juu ya kisiwa cha Ol Kokwa. Kilikuwa na mistari miwili, mwekundu na wa buluu, umbo lilelile kabisa, ghuba kwa ghuba, ila wa buluu umekaa chini na kulia kidogo. Akahamia kwenye kisiwa kidogo cha jirani. Vilevile.

"Unaona? Rangi ikikataa kukaa, inakataa yote, na upande mmoja. Na hii mashine nimeilainisha asubuhi."

Alikuwa anajitetea, maskini. Akatoa rula ya plastiki kwenye droo, akapima mwenyewe: milimita sita kwenda chini. Nikasimama pale nikizidisha. Milimita sita mara elfu hamsini ni mita 300. Ol Kokwa ni mwamba wa volkano wenye chemchemi za maji moto. Haitembei.

Nikamwambia, "Si mashine yako."

Maelezo yalikuwepo pembeni mwa karatasi ya zamani yenyewe, kwa herufi za mchwa: datumu, yaani msingi wa vipimo, ya Arc 1960, duaradufu, yaani umbo la dunia, ya Clarke 1880. Gridi ni UTM kweli, lakini imeanzia kwenye umbo lingine la dunia. Kuivusha hadi WGS84 kwa Kenya na Tanzania hutumia namba tatu za mita: −160, −6, −302. Karibu na ikweta ile ya tatu karibu yote huangukia kwenye kaskazini na kusini. Namba ya mfumo niliyopaswa kuchagua kwenye programu ni 21097, ya Arc 1960, kisha ndiyo nivushe kwenda 32637, ya WGS84. Na zile mita 4 zangu? Zilipima kama mibofyo yangu inakubaliana yenyewe kwa yenyewe. Ilikubaliana, yote ikiwa imekosea pamoja.

Kilichonitoa jasho si hicho. Ripoti ya Alhamisi ilisema kwamba kaskazini, upande wa Loruk, nchi kavu imeongezeka. Kwenye ziwa linalopanda! Na nilikuwa nimeshaiandikia sababu, aya nzima kuhusu matope ya vijito, kwa Kiingereza kizuri.

Nilirekebisha usiku ule. Mistari ya visiwa ikalaliana, wa buluu ukiwa ndani kidogo pande zote, kama inavyostahili maji yakipanda. Nyongeza kubwa ikabaki kusini, kwenye tambarare. Nikatuma marekebisho, kichwa cha barua kwa herufi kubwa.

Mwaka 2020, maji yalipopanda zaidi, nilikuwa kwenye mkutano mmoja na ramani ya Alhamisi ikatokea ukutani. Ileile, na matope yake. Niliinua mkono, nikauliza datumu. Nikaambiwa maswali ya kitaalamu ni baada ya chai. Baada ya chai mtoa mada alikuwa ameshapata teksi.

"Kwa hivyo ziwa lilihama ama halikuhama?" binti yangu akauliza.

"Lilihama. Lakini si hivyo."

Daftari la Sayansi limekaviwa kwa gazeti. Ramani imerudi kwenye bomba, na bomba liko juu ya kabati sasa, asikofika.